Mhariri Ana Haki ya Kufupisha

Barua za wasomaji ni kazi anayopewa mtu gazetini ambaye hakuna anayejua ampeleke wapi. Mzee tunayemzungumzia, ambaye mtaa mzima ulimwita Mhariri, alipewa meza hiyo akiwa na umri wa miaka thelathini na mitano, baada ya miaka kumi na mitano ya kuhamishwahamishwa humo gazetini, akaikalia miaka kumi na tisa, na akaipenda jinsi watu wengine wanavyopenda shamba.

Safu ya barua ilikuwa na nafasi ya barua saba, kila moja maneno mia moja na hamsini. Msomaji wa gazeti haandiki maneno mia moja na hamsini. Huanza kwa salamu, huulizia afya ya mhariri na wenzake wote, huomba radhi kwa mwandiko, kisha huzunguka weee, na akija kutua kwenye jambo lenyewe uko ukurasa wa tatu. Kazi ya mzee ilikuwa kumtuliza haraka. Mkuu wake wa kwanza alimfundisha kwamba barua hukatwa kutoka mkiani, kama habari yoyote, kwa kuwa mwandishi wa habari huweka zito mbele na jepesi nyuma. Katika miaka yote hiyo hakutokea mtu wa kumkumbusha kwamba msomaji si mwandishi wa habari. Kwamba mtu aliyelelewa vizuri huanza na mapambo, na lile zito hulitoa mwishoni, akiwa ameshashika kitasa cha mlango.

Chini ya safu, kwa herufi ndogo, kulikuwa na mstari huu: Mhariri ana haki ya kufupisha barua bila kubadilisha maana. Mzee aliuamini mstari wote, hata yale maneno matatu ya mwisho.

Gazeti lilikufa kifo cha kawaida cha magazeti, yaani lilinunuliwa. Jumatatu moja wafanyakazi walikuta geti limefungwa na mlinzi ameshika orodha ya wanaoruhusiwa kuingia, na orodha ilikuwa fupi kuliko barua yoyote ambayo mzee aliwahi kuikata. Akarudi nyumbani. Kwa mwaka mzima alisoma matangazo yaliyobandikwa kwenye nguzo za umeme na kuusikitikia urefu wake. Mkewe, aliyekuwa hai bado, alisema mume asiye na kazi ni kabati lililowekwa katikati ya chumba, kila mtu anajigonga. Mpwa wake, binti wa dada yake, aliyekuwa akisomea sheria, akamwonea huruma na kumtengenezea ukurasa mtandaoni. Wakauita Ubao wa Mtaa.

Ubao ulikuwa na fomu. Mtu yeyote angeweza kuijaza: maji yamekatika, funguo zimeokotwa, chumba kinapangishwa, fulani amefariki, mtaro umeziba na diwani haonekani. Alichoandika hakikutokea ukurasani hapohapo. Kiliingia kwanza kwenye kompyuta ya Mhariri, iliyokaa juu ya meza ya chakula sebuleni, ikifunikwa kitambaa cha kufuma ikiwa imelala. Yeye alisoma, akakata, akatia kichwa cha habari, akabonyeza. Mpwa alimweleza mara nyingi kwamba huku mtandaoni nafasi haiishi. Mzee akamjibu kwamba nafasi inaweza isiishe lakini subira ya msomaji inaisha, na akaendelea kukata kila kitu kifike maneno mia moja na hamsini. Hata mstari wake wa herufi ndogo aliuhamishia huko, chini kabisa ya ukurasa. Watu elfu tisa walimfuata. Alipopita njiani walimwita Mhariri, waliomjua na wasiomjua, naye aliitikia kwa kichwa kama mtu anayepita kwenye korido ya ofisi.

Hilo ndilo alilokuwa nalo. Mkewe alikwishafariki, watoto hakujaliwa, na pensheni ya gazeti lililokufa nayo ilikufa. Alikuwa na nyumba, vyumba viwili vya uani vya kupangisha, na kule kuitwa Mhariri.

Ng'ambo ya barabara, mlango ukitazamana na wake, palikuwa na duka la dawa. Mwenye duka alikuwa mfamasia mwenye cheti chake ukutani, lakini mtaa ulimpandisha cheo ukamwita Dokta, na yeye alichoka kuwasahihisha. Alikuwa rafiki wa marehemu mke wa Mhariri. Katika ule ugonjwa wa mwisho alivuka barabara kila asubuhi kwa miezi saba kuja kuchoma sindano, halafu akakaa kidogo kunywa chai ya rangi na kumsema Mhariri kwa mgonjwa, ili mgonjwa acheke. Alimwita shemeji. Msiba ulipokwisha hakuja tena kila siku, lakini akimwona dirishani alipunga mkono.

Jumanne moja saa nne asubuhi fomu ilileta barua ndefu. Aliyeandika alijitaja kuwa msusi wa pale penye kituo cha mafuta, mama wa mtoto wa miaka mitatu, na alikuwa ameandika kama anavyosuka, bila haraka, nywele moja baada ya nyingine. Mhariri alikadiria kwa jicho: maneno mia sita na ushei. Alikuwa bado na matangazo mawili ya vyumba, na fundi bomba alikuwa jikoni anamsubiri.

Aliondoa salamu. Aliondoa habari za ususi, mvua na bei ya mafuta ya nywele. Alifika mahali ambapo mtoto alikuwa na kikohozi, mama akanunua dawa kwa Dokta, mtoto akalala, akaitwa asiitikie, akakimbizwa hospitali, na muuguzi wa mapokezi akasema huenda dawa ilikuwa ya watu wazima. Hapo alipunguza mafuta, kama walivyosema zamani gazetini: zile "nadhani," "kama sikosei," "huenda" na "nisije nikamsingizia mtu," ambazo hula nafasi na hazishibishi. Alipofika neno la mia moja na arobaini na kitu aliona sentensi nzuri ya kufungia, inayosema wazazi tuwe macho. Akafunga hapo. Mkia wote uliobaki, karibu maneno mia tatu, aliupitishia jicho jinsi mtu anavyotazama nje ya dirisha la ofisi, akaukata. Juu akaandika kichwa: DUKA LA DAWA LAMLAZA MTOTO. Akabonyeza, akaenda kumwona fundi bomba.

Kabla ya saa saba mchana fomu ilileta ujumbe mwingine kutoka kwa msusi. Mhariri mbona sivyo nilivyosema, naomba uweke yote au uitoe. Malalamiko ya aina hiyo alipata kumi kwa mwezi. Kila mtu huamini kilichokatwa kwake ndicho kilichokuwa kitamu. Alikuwa na jibu lake tayari kabisa, akalibandika bila kubadilisha nukta: Mhariri ana haki ya kufupisha barua bila kubadilisha maana.

Mtaa ulisoma, na mtaa, ambao haukuwahi kusoma notisi ya mtaro hata mara moja mpaka mwisho, ulisoma hii mara mbilimbili. Maoni yalifika mia nne. Mmoja alikumbuka kwamba mwaka juzi alipewa vidonge vikamletea kizunguzungu. Mwingine alikuwa na shangazi. Wa tatu, ambaye hakai hata mji huu, alitaka duka lichomwe. Picha ya duka ilianza kuzunguka kwenye simu, mshale mwekundu ukielekezwa mlangoni. Siku ya pili likaja gari la wakaguzi wa afya. Walikaa humo saa mbili, wakakuta kila kitu sawasawa, wakaandika hivyo, wakaondoka. Lakini gari lilikwishaonekana.

Asubuhi ileile, baada ya wakaguzi, Dokta alivuka barabara. Hakukaa. Alisimama mbele ya meza ya chakula na koti lake jeupe, akamwambia shemeji yake aitoe ile habari kwa kuwa si kweli.

Mhariri alimweleza, kwa upole, utaratibu. Gazeti haliondoi barua ya msomaji kwa kuwa imemuudhi mtu. Anayetajwa ana haki ya kujibu, na jibu lake litawekwa palepale, kwa heshima ileile.

"Andika," akamwambia. "Maneno mia moja na hamsini."

Dokta alimtazama kwa kitambo, kama anayetafuta mshipa wa kuchoma, kisha akageuka akarudi dukani kwake. Dirishani hakupunga tena mkono.

Baada ya wiki moja ikaja barua ya wakili, yenye muhuri na lugha ya kiwanda: kashfa, kuchafuliwa jina, kuporomoka kwa biashara, siku saba. Mhariri aliipeleka kwa mpwa wake, ambaye sasa alikuwa wakili kamili mwenye chumba kimoja juu ya duka la vioo, na dirisha lililotetemeka kila fundi wa chini alipowasha mashine. Mpwa alisoma, akamwagiza aiondoe ile habari siku hiyohiyo. Mzee akaiondoa siku ya tatu, baada ya kupiga moyo konde. Kwa jirani hakuiondoa. Kwa muhuri aliiondoa.

Dokta hakutaka yaishe hivyo. Wakili wake alimweleza kwamba wa kushtakiwa ni wawili, msusi na mwenye ukurasa, na kwamba msusi ana vitana vinne na kioo. Wakamshtaki mwenye nyumba.

Mpwa alimwita tena mjomba wake, akafunga dirisha, akamfundisha sheria. Sheria, alisema, haimtendei mwenye jukwaa kama inavyomtendea mchapishaji. Mtu aliyeweka ukuta watu wakabandika vyao, asiandike, asichague, asiguse, na akiarifiwa kuna uchafu akaufuta, huyo hashikwi kwa maneno ya wengine. Lakini aliyechagua kipi kitoke, akakikata, akakitia kichwa cha habari, amelichukua lile neno likawa lake, na likimchafua mtu, atalijibu kama aliyelisema kwa kinywa chake.

"Tuko salama, mjomba, almuradi uwe ukuta."

"Mimi ukuta."

"Kwa siku moja tu. Useme ulipokea, ukaweka."

Akamwomba amletee kila kitu kilichomo kwenye kompyuta kuhusu barua hiyo. Ndipo mzee, nyumbani, akafungua sanduku la fomu na kuchapisha ile barua nzima. Na kwa kuwa mashine yake ya kuchapa ilikuwa ya polepole, ikitoa mstari mmoja na kupumzika, akajikuta anausoma mkia jinsi ulivyokuwa unajitokeza.

Mkia ulisema kwamba daktari wa hospitali alipoitazama chupa alisema ni dawa ya watoto, haina kasoro. Yule muuguzi wa mapokezi alikuwa amekosea. Ulisema kwamba yeye mama ndiye aliyepima kwa kijiko cha kupakulia badala ya cha chai, kwa sababu cha chai kilikuwa kwa jirani. Ulisema kwamba mtu aliyefunga duka lake mchana kweupe, akambeba mtoto mikononi mpaka barabarani, akasimamisha gari la watu na kukaa hospitali mpaka mtoto alipofumbua macho na kuuliza biskuti, alikuwa ni Dokta, na hakutaka hata kushukuriwa. Na mwisho kabisa, kwenye mistari miwili ya mwisho, msusi alitaja alichoandikia: aliomba maduka ya dawa yawe yanatoa kijiko cha kupimia pamoja na chupa, maana si kila nyumba ina vijiko vya aina mbili.

Mpwa aliisoma karatasi hiyo mara moja, bila kukohoa.

"Nani mwingine ameiona?"

"Mimi, na sasa wewe."

"Aliyeandika ana nakala?"

Mzee akasema hana, fomu haimbakishii mtu nakala. Mpwa akaiweka karatasi chini kabisa ya jalada, akalifunga kamba. Hakusema ichanwe, alikuwa wakili mwadilifu. Alisema tu kwamba hakuna aliyeiomba bado, na hawana sababu ya kujibu swali ambalo halijaulizwa. Mzee akauliza itakuwaje kwa msusi, kwa sababu kama yeye ni ukuta, basi aliyebandika ni yule. Mpwa akamwambia, "Mjomba, mimi ni wakili wako. Msusi sina jalada lake."

Mzee akatia saini kwenye hati ya utetezi.

Tangu barua itoke hadi siku ya kusikilizwa ilipita miaka miwili kasoro. Katika muda huo duka la dawa liliuza kidogo, halafu kidogo zaidi, halafu vidonge vikaanza kuisha muda wake vikiwa rafuni. Watu waliokuwa wakimwita Dokta usiku na mchana sasa walizunguka njia ya nyuma wasimpite mlangoni, si kwa chuki, ila kwa aibu ya kumsalimu mtu wakiwa na mfuko wa dawa za duka jingine mkononi. Mwishoni alifunga. Mahali pale pakafunguliwa duka la makava ya simu, lenye taa za kuwakawaka. Msusi alikwenda nyumbani kwa Dokta mara mbili kumweleza kwamba hakuandika vile, na mara mbili alifungiwa mlango. Dokta alijua jambo moja: alimbeba mtoto wa mwanamke yule mikononi, na mwanamke yule akamwandika.

Chumba cha mahakama kilikuwa na mabenchi ya mbao, feni mbili ambazo moja ilizunguka, na hakimu mwanamke mwenye mafua. Hakimu aliandika ushahidi kwa mkono, na mashahidi walitakiwa kusema polepole. Na kwa kuwa mkono una mwendo wake, yeye pia alikuwa akifupisha. Dokta alikaa mbele upande wa kushoto. Msusi alikaa nyuma kabisa karibu na mlango, akiwa ameitwa na wakili wa Dokta na kuambiwa asubiri.

Wakili huyo alikuwa mtu mzima, mnene, mwenye sauti ya kubembeleza usingizi. Alipomkabili Mhariri hakumgombeza hata kidogo. Alitaka tu kuelewa, alisema, maana mambo ya mtandao yanamchanganya. Je, mzee ndiye mhariri wa ukurasa huu? Mzee alimtazama mpwa wake, akajibu kwamba yeye ni mwenye ubao tu, alipokea, akaweka. Je, watu wanamwitaje? Wanamwita Mhariri, lakini ni utani wa mtaani. Hakimu akaandika: utani. Na ule mstari wa chini ya ukurasa, wa haki ya kufupisha? Mzee akasema ni mazoea ya zamani, ulibaki kama pambo. Mpwa wake akashusha pumzi.

Wakili akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema basi amekosea sana kumsumbua mzee wa watu. Akachukua karatasi yenye ile habari, akaisoma kwa sauti, taratibu, kama mtu anayeonja.

"Imeandikwa vizuri," akasema. "Hakuna neno la kuondoa. Kichwa cha habari chenyewe kimekaa. Mheshimiwa Hakimu, mimi nimesoma magazeti miaka hamsini, na nikiri mbele yako, huyu mama msusi ana kipaji. Mtu hakusomea, hakukaa gazetini siku moja, na anaandika kuwashinda waliozeekea humo. Au sivyo, mzee?"

Wakili akaiinua karatasi mzee aione.

"Ninasema uongo? Wewe ulikaa huko miaka thelathini na minne. Ungeweza kuandika hivi?"

Mpwa alikwishaanza kusimama. Ilikuwa imebaki kusema hapana tu, neno moja, fupi kuliko yote, na ukurasa ungebaki wake, na kesho angeendelea kuitwa jina lake njiani. Waliokuwepo wanasema mzee alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Barua yake ilikuwa ya maneno mia sita," akasema. "Hiyo unayosoma ni kazi yangu. Na kichwa ni changu."

Feni iliyokuwa inazunguka iliendelea kuzunguka. Hakimu akamwomba arudie, polepole, ili aandike. Akarudia. Mpwa akakaa.

Kuna watu mtaani wanaosema mzee alisema kweli kwa sababu alimhurumia msusi, na wengine kwamba dhamiri ilimlemea. Ni watu wema. Mzee mwenyewe hakuwahi kudai hivyo. Alivumilia kuitwa ukuta, alivumilia kuitwa utani, lakini asifiwe mwingine kwa kukata alikokata yeye, hilo lilimshinda.

Hakimu aliagiza barua nzima itolewe. Ikafunguliwa kamba, ikatoka chini ya jalada. Karani aliyasoma maneno yote mia sita, pamoja na salamu, mvua na bei ya mafuta ya nywele, kwa sauti isiyopanda wala kushuka, na hakuna aliyemwambia afanye haraka. Alipofika kwenye kijiko cha kupakulia, msusi kule nyuma alijifunika uso kwa mtandio. Alipofika kwenye mtoto aliyebebwa mpaka barabarani, watu wote waligeuka kumtazama Dokta. Dokta hakugeuka kumtazama mtu. Alikuwa akitazama mikono yake, imelala juu ya mkoba, kama inayosubiri kuambiwa ikae wapi.

Hukumu ilichukua wiki sita na kurasa kumi na moja, lakini maana yake ilikuwa ndogo. Mdaiwa alichagua, alikata, alitia kichwa, na aliarifiwa na mwandishi mwenyewe siku ileile akamjibu kwa kibwagizo. Yeye ni mchapishaji, na maneno ni yake. Alipe fidia, na kwa hiyo vyumba viwili vya uani vikauzwa kwa mtu aliyejenga ukuta katikati ya ua. Aombe radhi kwa maandishi ambayo mdai ameyaridhia, yakae juu kabisa ya ukurasa siku tisini pamoja na barua nzima, bila kukatwa. Mpwa wake alimshauri kwamba siku hizo zikiisha aufunge ukurasa kabisa, kwa sababu hakimu ameshaandika yeye ni nani, na ijayo hatapata pa kujificha. Kisha akamwonya: katika siku hizo tisini watu watatoa maoni chini ya ile radhi, asijibu, asifute, asirekebishe.

"Usiguse kitu, mjomba. Hata nukta."

Radhi aliiandika kwa siku nne. Ilitoka nzuri, ilikuwa na uzito, na haikuzidi kipimo. Akaenda nayo kwa Dokta, ambaye sasa alikuwa ameajiriwa kwenye duka la dawa la mtu mwingine, ng'ambo ya soko, anasimama kaunta pamoja na vijana wawili. Mzee alipanga foleni mchana, nyuma ya mama mwenye mtoto mwenye mafua. Zamu yake ilipofika akapitisha karatasi chini ya kioo, pale panapopitishwa vyeti vya daktari.

Dokta aliisoma yote, kalamu mkononi.

"Imesainiwa Mhariri," akasema.

"Ndivyo ninavyojulikana."

"Aliyenitangaza alikuwa Mhariri. Anayeniomba radhi naye awe mtu. Weka jina lako lote, la kwako na la baba yako."

Mzee akaweka, palepale kwenye kaunta, kwa kalamu ya duka. Aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni akauliza kama kuna tatizo. Dokta akasema hakuna, anamaliza sasa hivi. Mzee alitaka kuondoka, akashindwa, akauliza kama amewahi kuonana na msusi tangu siku ile ya mahakamani.

"Zamani alikuja nikamfungia mlango mara mbili. Baada ya mahakama nilimfuata mimi. Amehama pale kituo cha mafuta. Hakuna anayejua alikokwenda." Akagonga muhuri wa duka kwenye karatasi nyingine iliyokuwa mbele yake, ya mteja. "Ungevuka barabara ukaniuliza, shemeji. Hatua kumi na nane. Mimi nilizihesabu miezi saba."

Kisha akamtazama mtu wa nyuma, akauliza anaumwa nini.

Radhi ikapanda ukurasani jioni hiyo, na barua nzima chini yake, na jina kamili la aliyeomba radhi. Ile habari ya kwanza ilisomwa na watu elfu arobaini, wengi wao wa miji mingine. Hii, katika wiki ya kwanza, ilifunguliwa na watu ishirini na sita, na mmoja wao alikuwa mpwa, aliyekuwa anahakikisha kwamba amri imetekelezwa. Hakuna aliyeichorea mshale mwekundu.

Siku ya tisa likaja oni la kwanza, la mtu wa mtaani mwenye picha ya ua.

Huyu bwana ni nani?

Siku ya kumi mwingine akamjibu kwamba hamjui, hajawahi kulisikia jina hilo, labda ni mmoja wa wale wageni waliohamia juzi. Akaongeza kwamba watu wa namna hiyo ndio wanaoharibu majina ya wenzao. Wa tatu akauliza kwani Mhariri mwenyewe yuko wapi siku hizi, mbona anaacha ukurasa wake uchezewe.

Mzee aliyasoma yote matatu, kwenye meza ya chakula, na kitambaa cha kufuma kikiwa magotini. Alikuwa ameagizwa asiguse hata nukta, na safari hii hakugusa. Zilibaki siku themanini.